Anafagia soya ya ng'ambo, ya kwao kaining'iniza msumarini

Saa moja na nusu asubuhi, Luan Dehou anashuka ngazi ya chuma kuingia kwenye tumbo la nne la meli. Vidato ni sabini na mbili, na miguu yake imeshavikariri. Kreni imeshachota ilichoweza kuchota. Kilichobaki huku chini ni kile ambacho kijiko chake hakikifikii: soya iliyojibanza pembeni, nyuma ya mbavu za chuma, kwenye kona za kuta. Luan na wenzake watano wanatakiwa kuikokota kwa koleo na fagio mpaka katikati, ili kijiko kirudi kuizoa.

Hajagusa koleo bado. Anainama, anaokota punje moja, anashusha barakoa na kuibana kwa magego.

"Hii ilinyeshewa siku ya kuvunwa," anasema. "Halafu wakaikausha kwa moto, harakaharaka."

"Mkulima wetu keshaanza kula mzigo wa watu," anasema Teng, mtu wa jimbo la Henan mwenye miaka thelathini na minane, ambaye kazi yake ya pili hapa melini ni kumchokoza Luan. "Kaka Luan, wenye meli wakijua watakudai."

"Waje. Nitawafundisha kuvuna siku ya jua."

Luan ana miaka hamsini na sita. Anafagia meli katika bandari ya Dalian, China, kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, ukitoa ule mmoja aliokimbilia nyumbani, ambao tutaufikia. Katika zamu yake ya makuli sita, ni yeye peke yake aliyewahi kulima soya. Wenzake walitoka kwenye ngano, viazi vitamu, mmoja kwenye ufugaji wa bata. Kwao soya ni vumbi tu linalolipa. Wanaikanyaga bila kuangalia chini. Luan akiikanyaga, anajongeza mguu.

Mifuko ya ovaroli zao imeshonwa ikazibwa. Wakitoka, wanavua mabuti na kuyakung'uta juu ya turubai, na kila punje inayodondoka hukusanywa ikachomwe moto. Soya hii imekuja kukamuliwa mafuta na kulishwa nguruwe. Kuipanda, hata moja, ni kosa. Wengine huona usumbufu. Luan hukung'uta mara mbili.

"Ni sheria nzuri," anasema. "Mimi nikifika nayo nyumbani, najijua, nitaipanda."

Nyumbani anakokusudia ni kijiji cha Sanjiagang, kaskazini mwa jimbo la Heilongjiang, safari ya usiku mzima na nusu siku kwa treni. Ana mu arobaini kule, karibu ekari sita na nusu, za udongo mweusi ambao ukiubana kiganjani unabaki na alama za vidole. Baba yake alilima hapo soya, na Luan akalima soya, na kila vuli walipakia magunia kwenda kiwanda cha mafuta cha mjini, ambako foleni ya matrekta ilifika mpaka kwenye daraja. Watu walipika supu barabarani wakisubiri zamu. Walicheza karata. Wengine walipata wachumba kwenye foleni ile, na Luan ni mmoja wao. Yaqin, mke wake, alikuwa amekaa juu ya gunia la trekta la nyuma.

Kisha soya ya ng'ambo ikaanza kuingia kwa wingi kwenye miji ya pwani. Ililimwa kwenye mashamba makubwa yasiyoonekana mwisho, ikasafiri mwezi mzima baharini, na bado ikafika kwa bei ya chini kuliko ya Luan aliyekuwa na gunia lake mlangoni. Tena ilikuwa na mafuta mengi zaidi. Viwanda vipya vilijengwa bandarini, na kile cha mjini kwao kikashindwa, kikafunga, kikauza mabomba yake kama chuma chakavu.

"Punje yetu ni nzuri kuliko yao kwa tofu, jibini ya maziwa ya soya. Muulize yeyote," anasema Luan. "Lakini mwenye kiwanda cha mafuta hakamui tofu."

Anasema hakuna aliyewafukuza kijijini, na hilo ndilo linalomkera mpaka leo, kwamba hana wa kumlaumu. Hakuja askari, halikuja gharika. Mwaka mmoja walivuna vizuri, wakauza, na binti yao Yingzi akakosa ada ya sekondari. Mwaka uliofuata majirani wawili walienda mjini, mwaka wa tatu wakaenda tisa. Nyumba za Sanjiagang ni mia moja na ishirini. Msimu huu wa baridi, kwa hesabu ya shemeji yake Luan aliyeko jirani na hapo, zilizokuwa zikitoa moshi ni thelathini na moja.

Leo Luan anapata kama yuani elfu tano na mia sita kwa mwezi wenye meli nyingi, na chini ya elfu tatu kwa mwezi mkavu. Yaqin, mwenye miaka hamsini na nne, yuko kiwanda cha samaki ng'ambo ya pili ya ghuba. Samaki wale huja wamegandishwa kutoka bahari za mbali, wanawake wanawatoa miiba kwa kibano, kisha samaki haohao hupakiwa tena kwenye meli kwenda kuliwa nchi nyingine. Vidole vya Yaqin haviwezi tena kufunga kifungo cha shingoni. Hulipwa yuani elfu nne na mia moja, na mia tisa kati ya hizo ni kodi ya chumba.

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya sita, hakina lifti. Kina kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, na bomba la kupasha joto linalopita juu ukutani. Kwenye msumari karibu na bomba hilo, umening'inia mfuko wa kitambaa cha buluu, wa kilo tatu hivi, umefungwa kwa fundo mara mbili. Ndani ya mfuko huo ndimo kuna ugomvi wote wa nyumba hii.

Ni mbegu. Ni soya ya mama yake Luan, punje ndogo za mviringo zenye jicho la kahawia, ambazo marehemu alizichagua kila vuli kwa kuziviringisha juu ya ubao ulioinamishwa. Nzima zilibingirika mpaka chini, mbovu zilikwama njiani. Mama amezikwa pamoja na baba kwenye ukingo wa mashariki wa shamba. Luan alizileta mbegu hizo Dalian baada ya ule mwaka wa wazimu wake.

Tufike huko sasa. Ulikuwa wakati wa vita vya ushuru baina ya mataifa makubwa. Makuli walisimama gatini wakitazama meli moja iliyojaa soya ikielea mbali ghubani, siku baada ya siku, haiambiwi iingie wala iondoke. Kwa wengine ilikuwa kitu cha kutazama wakati wa kula. Luan aliitazama kwa jicho la mkulima.

"Nikajiambia, hawa hawaji tena. Soya itaadimika, bei itapanda mara mbili," anakumbuka. "Nikaona nimeambiwa siri na bahari. Kumbe kila mtu aliiona meli ileile."

Aliacha kazi. Majira ya kuchipua yalipofika alikuwa Sanjiagang, akapanda mu zote arobaini kwa mbegu ya mama, akapalilia peke yake, na soya ikakubali, akasimama katikati yake vuli ile akiwa na raha ambayo anasema hajaipata tena. Kisha akaenda kuuza. Bei ilikuwa vilevile. Meli zilikuwa zimegeuza tu njia, zikajaza soya kutoka nchi nyingine na kuingia Dalian kwa wingi uleule. Luan aliuza, akabakiza kilo tatu za mbegu, akarudi kuomba koleo lake. Alipewa, lakini kwa miezi sita Teng alikuwa akimwita Waziri wa Biashara.

Tangu hapo mfuko wa buluu uko msumarini, na Luan hakuwahi kuufungua. Luan huupapasa akipita. Shamba limekodishwa kwa Chi Fulin, aliyesoma naye darasa moja, kwa maneno ya mdomo, mwaka hadi mwaka. Ikifika Machi, Luan husema labda mwaka huu atarudi, na ikifika Mei anakuwa tumboni mwa meli.

Mwaka huu Chi amechoka na labda. Analima mu elfu moja na mia mbili za mahindi kwa matrekta makubwa, na anataka mkataba wa maandishi wa miaka kumi. Atalipa yuani mia sita kwa kila mu kwa mwaka, na miaka mitatu ya kwanza atatoa kwa mkupuo, yuani elfu sabini na mbili. Mawe ya mipaka yatang'olewa, matuta yatasawazishwa, vipande vya watu kumi na watano vitakuwa uwanja mmoja. Alitaka jibu kabla ya siku ya kusafisha makaburi, mwanzoni mwa Aprili.

Chi si mtu mbaya. Ujumbe wake wa sauti, ambao Luan ameusikiliza mpaka Yaqin anaweza kuuigiza, unasema hivi: "Dehou, ndugu yangu, simnyang'anyi mtu. Shamba litabaki kwa jina lako. Ila mimi nakopa benki kununua mashine, na benki haikubali labda. Niambie ndiyo au niambie hapana, nipange dizeli yangu."

Tangu siku ya ujumbe huo, Luan hakutulia. Alikula amesimama. Muda wa mapumziko alikuwa akitembea gatini kwa hatua fupi za upana wa tuta, akihesabu, mpaka wenzake wakajua kwamba gati ile ina matuta mia nne na kumi na kwamba meli ya Jumanne ilikuwa na matuta mia tatu na arobaini. Chumbani aliwasha televisheni akaizima, akashuka ghorofa sita kununua siki wakati siki ipo.

"Saini, tupumue," Yaqin alimwambia. "Baba Yingzi, umekuwa kama mtu anayesubiri treni sebuleni."

"Na mwaka nitakaotaka kurudi?"

"Utakuwa na miaka sitini na sita. Utarudi kupanda nini, mgongo?"

"Mbegu ninazo," alisema Luan, na kama kawaida akaunyooshea mfuko kidole.

Kwa wiki tatu hayo ndiyo yalikuwa majibu yake kwa kila mtu. Mbegu ninazo. Alimwambia mke, akamwambia binti kwenye simu, na siku moja, wakila mikate ya mvuke na kabichi chachu kwenye kivuli cha kreni, akawaambia makuli wenzake. Hapo ndipo Teng alipomshika pabaya.

"Mbegu za miaka sita?" Teng alisema huku akitafuna. "Zilizoning'inizwa juu ya bomba la moto, kwenye unyevu wa bahari? Kaka Luan, hizo si mbegu tena. Hayo ni mapambo."

Kila aliyelima soya anajua alichosema Teng ni kweli, na Luan anajua kuliko wote. Soya haikai kama mtama. Ina mafuta, na mafuta huchacha. Mwaka wa kwanza inaota vizuri, wa pili inasitasita, wa tatu unabahatisha. Mtu huyu anayeng'ata soya ya dunia nzima na kukutajia ilivyovunwa, ile yake mwenyewe hakuwa ameing'ata hata mara moja. Alijitia hamnazo kwa miaka sita.

Luan aliweka mkate wake chini. "Nitazipima," alisema. "Mia moja, kwa kitambaa, kama tunavyopima kwetu kila majira ya kuchipua. Zikiota hamsini, sisaini. Zisipofika hamsini, nasaini siku hiyohiyo."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele yenu nyote. Andika hata ukutani."

Teng aliandika, kwa chaki, kwenye ubavu wa meli.

Jioni ile Luan aliteremsha mfuko. Yaqin alikuwa ametoka kazini, ananuka samaki, na aliposikia habari ya nadhiri alinawa, akakausha mikono kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Lete nihesabu mimi," alisema. "Wewe utachagua nzuri tu, ujidanganye."

Alikaa kwenye kona ya kitanda, mgongo kwenye taa, akahesabu punje mia moja na kuzipanga kwenye taulo jeupe lililoloweshwa, safu kumi za kumi. Akalikunja, akaliweka ndani ya beseni juu ya kabati, karibu na bomba. Kule kwao beseni lingewekwa juu ya kitanda cha matofali chenye moto chini. Akafunga tena mfuko kwa fundo lilelile la mara mbili na kuurudisha msumarini. Luan hakuona kitu. Alikuwa dirishani, mgongo ukilielekea taulo.

Siku nne zilizofuata zilikuwa ndefu. Zamu yake ilikuwa na meli mbili, na alifagia kama anayefukuzwa, mpaka msimamizi akamuuliza kama ana deni na mtu. Teng kila asubuhi alimwuliza hali ya wagonjwa. Kila jioni Luan alilowesha taulo bila kulifunua, kwa kunyunyiza maji juu yake na vidole, kichwa kikiwa kimegeukia pembeni. Usingizi haukuja. Yaqin naye hakulala, lakini hilo Luan hakulijua kwa sababu kila mmoja alikuwa akijifanya amelala kwa ajili ya mwenzake.

Asubuhi ya tano ilikuwa Jumapili. Mwandishi wa makala haya alialikwa, pengine kwa kuwa Luan alitaka shahidi mgeni. Beseni liliwekwa kwenye meza ya kukunja. Yaqin alikuwa jikoni akikata vitunguu ambavyo havikuwa na chakula cha kuingia.

Luan alifunua taulo.

Zilikuwa zimeota. Si moja moja, si kwa kusitasita. Vimizizi vyeupe vilikuwa vimeshika kitambaa, vinene, virefu kama pingili ya kidole, safu kwa safu. Alihesabu kwa ncha ya kijiti. Zilikuwa tisini na tatu.

Mtu angetegemea afurahi. Luan alikaa chini na uso wake ukawa mzito. Aliokota punje moja yenye mzizi wake, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Ganda lilikuwa linang'aa. Soya ya miaka sita haing'ai, huwa na rangi ya chai iliyolala.

"Mama Yingzi," alisema bila kugeuka. "Hizi ni za lini?"

Kisu kilisimama.

"Za vuli iliyopita," alisema Yaqin.

Ikabidi aje akae, na hadithi ikatoka. Mwaka wa pili baada ya Luan kurudi Dalian, siku moja akiwa kazini, Yaqin alifungua mfuko akakuta harufu ya kuchacha inaanza. Alichukua kilo moja, akaituma kwa dada yake mkubwa Yazhen, aliyeolewa kijiji cha jirani na Sanjiagang. Yazhen akazipanda nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya mboga, matuta manne. Vuli akaviringisha mavuno kwenye ubao, akarudisha kilo tatu kwa mzigo wa posta, chini ya uyoga mkavu. Yaqin akabadilisha. Mwaka uliofuata akafanya hivyo tena. Na mwingine. Mara tano mfuko ule ulifunguliwa na kufungwa, fundo mara mbili, Luan akiwa tumboni mwa meli akitoa hukumu juu ya soya za watu.

"Na zile za zamani?" aliuliza Luan.

"Nilizipika kila mwaka. Ule mchuzi mzito wa soya wa mwaka juzi, uliosema una ladha ya nyumbani. Uliula mpaka ukalamba bakuli."

Luan alifunika uso kwa viganja. Mabega yalitikisika, na kwa muda haikujulikana kama anacheka. Alipotoa mikono, macho yalikuwa mekundu.

"Nilijua hazitafika hamsini," alisema. "Ndiyo maana nikaapa. Nilitaka zife, Yaqin. Zikifa nisaini, nisiwe mimi niliyeacha."

"Najua. Nilijua tangu uliponiambia."

"Sasa kwa nini? Wewe ndiye unayesema nisaini kila siku."

"Nasema bado," alijibu Yaqin. "Mimi sitaki kurudi. Nimezoea maji ya bomba, nimezoea watu wangu wa kiwandani, na Yingzi yuko hapa. Lakini sikutaka siku moja uje uniambie tulibaki kwa sababu mbegu zilikufa." Alilisogeza taulo pembeni. "Na usizisikilize hizi. Zimeota kwa sababu dada alizipanda. Hazina habari na Chi. Amua mwenyewe."

Luan alitoka. Alirudi baada ya saa mbili, na kwa mujibu wake mwenyewe alipima barabara yote ya ufukweni kwa matuta, akapoteza hesabu mara tatu. Mchana ule Yaqin alikaanga zile tisini na tatu kwa mafuta kidogo na vile vitunguu, kwa kuwa katika nyumba ya mkulima kilichoota hakitupwi. Walikula, mwandishi akiwa kati yao.

Jumatatu asubuhi, chini ya ngazi ya vidato sabini na mbili, makuli walikuwa wanamsubiri.

"Ngapi?" aliuliza Teng.

"Tisini na tatu."

"Mbegu za miaka sita?"

"Za mwaka jana. Shemeji yenu alikuwa anazibadilisha."

Walicheka mpaka wakakohoa vumbi. Teng alilazimika kukaa juu ya lundo la soya. Alipopata pumzi alifuta machozi kwa kiwiko na kuuliza: "Kwa hiyo umesaini au hujasaini?"

"Bado nafikiri."

"Waziri," alisema Teng, safari hii kwa upole, "ningekuwa na mwanamke wa namna hiyo ningesaini chochote."

Jibu lilipatikana siku mbili kabla ya siku ya makaburi. Luan alirekodi ujumbe wa sauti mara nne akaufuta, wa tano akautuma. Alimwambia Chi kwamba miaka kumi hawezi. Achukue mu thelathini kwa mwaka mmoja mmoja, na zile kumi za mashariki, zenye makaburi, zibaki na mawe yake.

Chi alijibu baada ya dakika tano, trekta ikinguruma nyuma yake. "Dehou, mashine yangu ina upana wa mita tisa. Unataka niizungushe kipande chako kama ninacheza ngoma? Sawa. Lakini kwa mia tano, si mia sita, na hakuna mkupuo. Na ukija Mei usije na labda, njoo na jembe."

Yuani elfu kumi na tano kwa mwaka badala ya elfu ishirini na nne, na zile elfu sabini na mbili hazipo. Yaqin alipoambiwa alihesabu vidole vyake vinavyouma, akasema amesikia. Hakupongeza, hakulaumu.

Tatizo lililobaki ni Mei yenyewe. Kaskazini, soya hupandwa katikati ya mwezi huo, udongo ukishayeyuka. Lakini Mei ndio mwezi ambao mavuno ya upande wa pili wa dunia hufika Dalian, meli zikipanga foleni ghubani kama matrekta ya zamani. Luan aliomba siku kumi na nne bila malipo. Msimamizi alimpa, kisha akamwambia bila kuficha kwamba koleo lake halitalala chini siku kumi na nne. Akirudi, ataangalia kama kuna nafasi.

Mpango wa Luan ni huu, na anausema haraka, kama anayeogopa kukatizwa. Atapanda mu kumi. Tofu ya mama yake ilisifiwa mpaka mjini, na mtengeneza tofu mmoja pale, anayeuza kwa watu wa mji mkubwa wanaotaka soya ya kienyeji, ameshamwambia Yazhen atanunua kwa bei ya juu kidogo. Palizi atasaidiwa na shemeji. Yeye atarudi melini, ataenda tena vuli kuvuna. Ikikubali, mwakani mu ishirini. Isipokubali, hajui. Ukimwuliza atakuwa wapi baada ya miaka mitano, anaangalia mlangoni.

Jumanne iliyopita Yaqin alitoka kazini mapema. Alivua viatu, akakaa, akamsogezea mumewe simu mezani. Kwenye kioo kulikuwa na tiketi za treni. Luan alivaa miwani akazihesabu. Zilikuwa mbili za kwenda, na moja ya kurudi.

"Hii ya kurudi ni ya nani?"

"Yangu," alisema Yaqin. "Kiwandani wamenipa siku tano. Nitakusaidia kudondosha mbegu, nisafishe makaburi tuliyoyaruka mwaka huu, nirudi."

"Na yangu?"

"Yako utanunua mwenyewe. Ukitaka."

Luan aliitazama simu mpaka kioo kikazimika. Kisha akasimama kwenye kiti, akateremsha mfuko wa buluu, akafungua fundo la kwanza na la pili. Alitoa punje moja, akaitia kati ya magego, akabana. Yaqin alikuwa anamwangalia.

"Imevunwa siku ya jua," alisema.